Vijana wanne na gitaa moja: shajara ya mradi wetu wa Mills Brothers

3 Februari 2025

Leo tumeanza. Tuko watano: waimbaji wanne, na mimi ninayeshika gitaa na daftari. Waimbaji watatu nimewatoa kwenye kwaya yetu ya kanisani hapa Moshi. Wa nne ni kinyozi wa jirani. Hajawahi kuimba kwaya yoyote, lakini ana besi ya kuzaliwa nayo. Nilimsikia akivumisha wimbo huku akimnyoa mwanangu, nikajua mtu wangu nimempata.

Kazi tuliyojipa ni saa moja ya jioni, masimulizi pamoja na nyimbo tano, juu ya safari ya Mills Brothers, ndugu wanne waimbaji wa Piqua, mji mdogo wa jimbo la Ohio, Marekani, kaskazini mwa Dayton. Onyesho liwe 31 Mei kwenye ukumbi wa vijana.

Nimeshaulizwa kwa nini tusiimbe Boyz II Men, ambao kila mtu anawajua na ambao waliimba Nairobi mwaka 2023. Nawapenda sana. Lakini kila nikifuata uzi kurudi nyuma, kundi baada ya kundi, naishia kwa hawa ndugu. Mara ya kwanza kusikia santuri yao ya Tiger Rag ya mwaka 1931 nilidhani nasikiliza bendi: tarumbeta mbili, tromboni, tuba ikitembea chini. Baadaye nikasoma maelezo yaliyokuwa yakichapwa kwenye lebo za santuri zao, kwamba hakuna ala wala mtambo wowote uliotumika isipokuwa gitaa moja. Niliirudia mara sita usiku ule. Tangu hapo nimetaka kujua walifanyaje, na njia ninayoiamini ya kujua ni kujaribu mwenyewe.

Vifaa tulivyonavyo: gitaa la nyuzi sita, simu mbili za kurekodia, daftari la kurasa mia, na kibanda cha kinyozi kuanzia saa mbili usiku anapofunga kazi.

10 Februari

Wiki nzima nimekaa na historia ya nyumbani kwao. John Mdogo alizaliwa 1910, Herbert 1912, Harry 1913, Donald 1915. Baba yao, John Mills, alikuwa na kibanda chake cha kinyozi hapo Piqua, na alikuwa na kundi lake la wanaume wanne, Four Kings of Harmony. Vijana waliimba kwaya za makanisa ya mjini, la Methodisti wa Kiafrika na la Wabaptisti, na nyumbani wakamsikiliza baba.

Nilipomweleza kinyozi wetu kwamba mambo haya yote yalianzia kwenye kiti kama chake, alizima mashine, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi Mwalimu, hapa tuko nyumbani." Na kweli vibanda vya kinyozi vya Wamarekani weusi wakati ule vilikuwa mahali pa wanaume kukaa, kusubiri zamu na kupatanisha sauti. Mpangilio wao una jina hilohilo la kinyozi hadi leo.

Mpangilio huo ndio umetukwamisha usiku wa kwanza. Sisi tumelelewa na nyimbo za kitabu, wimbo wenyewe uko juu kabisa, sauti ya kwanza, na wengine wote wanaufuata kwa chini. Kwenye mtindo wa kinyozi wimbo unashikwa na sauti ya pili kutoka juu, na teno anapita juu yake kwa wepesi kama mtu anayetembea juu ya ukuta. Kijana wetu wa sauti ya juu kila mara anajikuta ameuiba wimbo. Hana kosa, ni miaka kumi na tano ya mazoea. Tumekubaliana kwamba wiki hii asiimbe kwa sauti kabisa, asikilize tu mwenzake akiimba wimbo hadi aone kwamba hauhitaji msaada wake.

13 Februari

Kisa cha kazuu lazima kiingie kwenye masimulizi, na kiingie mapema. Ndugu walipoanza kujionyesha mjini kwao walikuwa wakitumia kazuu, kile kifilimbi chenye utando unaotetemeka ukivumia ndani yake. Siku ya shindano la vipaji kwenye jumba la Mays Opera House, Harry akagundua kazuu hana. Akaweka viganja mdomoni akaigiza tarumbeta. Watu wakapenda, na ndugu wakapenda zaidi. Wakagawana bendi nzima: Harry tarumbeta ya kwanza, Herbert ya pili, Donald tromboni, John tuba, na huyohuyo John akipiga ukulele, kile kigitaa kidogo cha nyuzi nne, na baadaye gitaa.

Ninachotaka msikilizaji wetu akibebe si kile kipawa cha ghafla peke yake. Ni yale yaliyofuata. Jambo la dharura la usiku mmoja walilifanyia mazoezi miaka mitatu minne hadi likawa ufundi.

22 Februari

Tarumbeta ya mdomo. Siku tisa za kazi, na haya ndiyo tuliyoyaelewa.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kupuliza. Tulidhani kwa kuwa tarumbeta hupulizwa, basi nasi tupulize. Ikatoka hewa tupu na mate. Sauti ni ya kooni, ni kuimba kabisa, midomo inaibana iwe nyembamba na kali, na kiganja mbele ya mdomo kinaifungua na kuifunga. Kiganja kinafanya kazi ile ile ya kizibo ambacho wapiga tarumbeta wa jazi waliweka mbele ya ala zao kuifanya ilie "wa-wa". Ukifungua kiganja polepole unapata kilio, ukifungua upesi unapata kicheko.

"Mwalimu, inanichubua midomo hii," kijana wa tarumbeta ya kwanza amelalamika leo.

"Pole sana. Punguza pumzi, midomo iache kama ilivyo."

Imesaidia. Pia tumegundua kwamba si lazima nota zote ziwe tarumbeta. Harry anaanza kama mtu, katikati ya sentensi anageuka ala, mwishoni anarudi kuwa mtu. Ni kule kugeuka kunakomshangaza msikilizaji.

Tuba ya kinyozi inakwenda vizuri kuliko zote. Hajui nota hata moja na hahitaji. Namwambia "gonga mlango" anaweka "bum" fupi palepale pigo la gitaa linapoanguka. Shida yake ni pumzi: akifika mstari wa sita amekwisha. John Mdogo alifanya hayo huku mikono yake ikipiga gitaa! Mimi nina mikono na nyuzi peke yake na bado napotea.

1 Machi

Nimemwomba mzee wa tromboni wa kikundi cha matarumbeta cha usharika wetu atusaidie. Nimekwenda kumwamkia nyumbani, amecheka sana kusikia tunataka kuigiza ala yake bila ala, kisha akachukua tromboni yake akatuonyesha jinsi sauti inavyoteleza kutoka nota moja hadi nyingine bila kukatika. Mwimbaji wetu wa tatu, anayeshika nafasi ya Donald, alikaa naye saa nzima. Sisi wa Kilimanjaro tumekua na matarumbeta ya kanisani, harusini na mazikoni, na sauti hiyo tumeibeba masikioni bila kuifikiria. Ilikuwa jioni njema.

7 Machi

Nimepoteza wiki mbili za kuandika sol-fa, yaani nota za do-re-mi, na niandike hapa ili nisirudie. Nilinakili sauti ya besi na wimbo kutoka rekodi moja, kisha tarumbeta mbili kutoka nakala nyingine ya rekodi ileile iliyosikika safi zaidi. Tulipoziunganisha hazikukaa. Nilidhani waimbaji wamekosea, nikawasumbua siku tatu, kumbe nakala moja iko juu ya nyingine kwa karibu nusu toni.

Sababu ni kasi. Santuri za zamani huitwa za 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika, lakini mashine zilizozikata na zinazozicheza leo si zote zinashika kasi hiyo sawasawa. Ukizungusha upesi kidogo, wimbo unapanda na unakwenda mbio. Sasa nafanya hivi: nalishika gitaa na kutafuta ufunguo ambao mkono wa mpigaji ungeukalia vizuri, halafu naziweka sauti zote hapo. Tumeshusha ufunguo mzima hatua moja kwa sababu ya koo zetu, na besi amefurahi.

Waimbaji nimewaomba radhi. Wameipokea.

15 Machi

Sura ya redio. Hapa nimekaa sana, na nadhani ndiyo moyo wa saa yetu.

Mwaka 1928 ndugu walikwenda Cincinnati kujaribiwa kwenye redio ya WLW pamoja na bendi ya mjini kwao. Redio ikawachukua ndugu, bendi ikaachwa. WLW ilikuwa na nguvu ya kusikika mbali. Vijana wa kinyozi wa Piqua wakaanza kusikika kwenye majiko na vibaraza vya watu wasiowahi kuwaona. Duke Ellington, kiongozi wa bendi ya jazi, alipopita Cincinnati aliwasikia, naye akawasemea kwa watu wa santuri. Mwaka 1930 wakafika New York, na kwenye mtandao wa redio wa CBS, kwa mkuu wake William S. Paley, wakapewa kipindi chao wenyewe, jambo lililokuwa adimu mno kwa wasanii weusi wa wakati ule. Mwaka uliofuata santuri ya Tiger Rag kwa kampuni ya Brunswick ikauza nakala milioni. Kisha wakarekodi wimbo wa Dinah pamoja na mwimbaji Bing Crosby, na mwaka 1932 wakaonekana kwenye filamu ya The Big Broadcast.

Hayo ni matukio. Lakini nilipoyapanga kwenye karatasi nikajiuliza: kwa nini redio? Makundi ya wanaume wanne yalikuwapo kabla yao kwa miongo. Jibu nadhani limo kwenye besi. Kundi la jukwaani lilipaswa kujaza ukumbi kwa mapafu. John Mdogo hakujaza ukumbi. Alikaa karibu na kipaza sauti na kunong'ona tuba, na kipaza sauti kikaibeba hadi kwenye spika ya nyumba ya mtu. Nota zake za chini kabisa ni laini kuliko maneno ya kawaida ya mazungumzo. Bila kipaza sauti tarumbeta ingeifunika tuba, na mchezo wote ungekufa.

Ndiyo sababu kibandani tunasikika vizuri, ukutani kuna vioo na sisi tumebanana, na tulipojaribu ukumbini Jumanne besi alitoweka kama jiwe kisimani.

22 Machi

Tumejaribu na kipaza sauti kimoja katikati. Matokeo mabaya. Aliye mbele yake alisikika kama anahubiri, wa pembeni kidogo, wa nyuma hakuna.

Fundi mitambo wa ukumbi, kijana mwelewa sana, ametueleza vizuri. Kipaza sauti cha mkononi cha siku hizi kimetengenezwa kusikia mdomo ulio mbele yake na kukataa vingine, ili spika zisipige yowe. Vipaza sauti vya utepe vilivyoenea studioni miaka ya 1930 vilisikia mbele na nyuma sawasawa, watu wangeweza kusimama pande mbili wakitazamana. Hatuna cha namna hiyo na hatutakipata. Kwa hiyo tunasimama nusu duara, mabega yakigusana, besi akiwa karibu kiganja kimoja na kipaza sauti, mwenye wimbo hatua moja nyuma yake, tarumbeta mbili hatua mbili. Anayepokea solo anasogea mbele, akimaliza anarudi nyuma bila kusubiri kuambiwa.

Kujifunza kurudi nyuma kumetuchukua jioni tatu. Mwimbaji akishafika karibu na kipaza sauti miguu yake huota mizizi. Lakini leo, wimbo wa pili, walipishana wote wanne bila kugongana, na kwa mara ya kwanza nikafumba macho nikasikia kitu kimoja badala ya watu wanne. Nimeandika saa: tatu na dakika ishirini.

5 Aprili

Sehemu ya Uingereza, 1934. Waliimba mbele ya Mfalme George V na Malkia Mary. Nimekuta mara nyingi ikisemwa kwamba walikuwa Wamarekani weusi wa kwanza kuimba mbele ya wafalme wa Uingereza, na sitaitamka hivyo jukwaani, kwa sababu Fisk Jubilee Singers walimwimbia Malkia Victoria mwaka 1873. Sifa ya ndugu haipungui, na ya waliowatangulia isipotee.

Ni katika safari hiyohiyo John Mdogo aliugua. Mapafu. Mwanzoni mwa 1936 akafariki, akiwa na miaka 25.

Nimeandika ukurasa huu mara nne na mara nne nimeuchana. Nikiweka huzuni nyingi inakuwa tamthilia, nikiweka kidogo inakuwa taarifa ya polisi. Usiku huu nimeamua kuiacha sauti ieleze. Tutaimba ubeti mmoja kwa sauti nne na gitaa. Kisha kinyozi atarudi nyuma hatua tatu, nami nitaondoa mkono kwenye nyuzi, kwa sababu John alikuwa besi na gitaa pia, na watatu waliobaki wataurudia ubeti uleule. Tumejaribu. Ubeti haubadiliki nota hata moja, lakini unasikia sakafu haipo. Mwenye wimbo alisimama katikati ya mstari akasema hawezi kuendelea. Tukapumzika.

9 Aprili

Ndugu walitaka kuacha kabisa. Mama yao ndiye anayesimuliwa kwamba aliwasihi waendelee, na baba yao, kinyozi wa zamani mwenye zaidi ya miaka hamsini, akaingia kushika besi ya mwanawe. Gitaa likaenda kwa watu wa nje ya familia, na anayekumbukwa zaidi kati yao ni Norman Brown.

Baba kuimba sauti ya mtoto wake aliyekufa, usiku baada ya usiku, miaka karibu ishirini. Sina la kuongeza hapo. Kwenye masimulizi nitasema sentensi hiyo moja na kunyamaza, kisha kinyozi wetu atasogea tena mbele.

19 Aprili

Tumebishana, na ubishi mzuri niuweke.

Wimbo wa nne ni Paper Doll. Vijana wawili hawautaki. Wanasema ni mwepesi, hauna tarumbeta, hauna mchezo, kwa nini tumwonyeshe mtu kundi likiwa limeacha kilicholifanya kuwa lenyewe? Nami kwa muda mrefu nilifikiri hivyohivyo, kwamba Mills Brothers wa kweli ni wale wa 1931 hadi 1935 na waliofuata ni kivuli chao.

Sasa sifikiri hivyo. Vita vilipoanza 1939 walikuwa ng'ambo, wakazunguka nchi za mbali hadi 1941 ndipo wakarudi nyumbani, na wakakuta watu wamehamia kwa Ink Spots, kundi jingine la waimbaji wanne weusi. Angalia tofauti yao. Kwa Ink Spots teno Bill Kenny anapaa peke yake juu sana, halafu besi Hoppy Jones anakuja kuzungumza maneno kama mzee anayetoa nasaha. Kila mmoja ana zamu yake. Mills Brothers walirudi na kitu cha namna nyingine. Paper Doll ulitungwa na Johnny S. Black mwaka 1915, wakaurekodi 1942, na mwaka 1943 ukakaa namba moja kwenye chati ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, kwa wiki 12. Uliuza zaidi ya nakala milioni sita. Mwanzo mmoja wao anauimba polepole, karibu peke yake, kisha mwendo unabadilika na wenzake wanaingia chini yake kwa utulivu hata hujui lini wameingia.

Hilo la kutojua lini wameingia ndilo gumu kuliko tarumbeta zote. Tarumbeta ukikosea kidogo watu wanakupigia makofi kwa kuthubutu. Hapa ukivuta pumzi vibaya kila mtu anasikia. Irabu nne lazima zifunguke pamoja: mmoja akisema "o" pana na mwingine "o" nyembamba, mpatano umeshavunjika hata kama nota ni sahihi.

Niliwaambia tuujaribu wiki mbili, wasipoupenda tutautoa.

3 Mei

Hawataki tena utolewe. Wameomba uwe wa mwisho. Nimekataa kwa sababu ya mtiririko wa miaka, lakini nimefurahi moyoni.

Zoezi lililotuvusha: tumeimba wimbo wote kwa irabu tupu, bila konsonanti, tukiwa tumegeukia ukuta ili mtu asitazame mdomo wa mwenzake. Dakika ishirini kila jioni. Kinyozi ndiye aliyelibuni.

10 Mei

Masimulizi yalikuwa dakika 41. Tumeyapunguza hadi 26. Harry kuitwa jeshini wakati wa vita, na Gene Smith kumshikia nafasi, kumebaki sentensi moja. Safari nyingi za ng'ambo zimeondoka.

Glow-Worm ya 1952 imebaki. Asili yake ni wimbo wa Mjerumani Paul Lincke wa mwaka 1902, mtunzi wa Marekani Johnny Mercer akauandikia maneno mapya, na Mills Brothers wakafika nao namba moja, safari hii na okestra ya Hal McIntyre nyuma yao. Nilipojua kuna tarumbeta za shaba kweli mle ndani niliumia kidogo. Kisha nikausikiliza bila kinyongo na nikasikia sauti za ndugu zimekaa juu ya okestra bila kupambana nayo hata mara moja. Watu waliokuwa bendi wenyewe walijua bendi inaacha nafasi wapi.

Miaka ya mwisho tunaipitia upesi. Katikati ya miaka ya 1950 baba akaacha safari, wakabaki watatu, na watatu hao wakaendelea. Baba alifariki 1967. Mwaka 1968, roki ikiwa imeshika kila kitu, wimbo wao Cab Driver ukafika namba 23 kwenye chati. Mwaka 1976 waliadhimisha miaka 50 ya kazi huko Los Angeles, Bing Crosby akiongoza sherehe, Harry akiwa karibu haoni kwa sababu ya kisukari. Harry akafariki 1982, Herbert 1989. Donald akaendelea na mwanawe, aitwaye John kama babu na ami yake. Mwaka 1998 wakatunukiwa Grammy ya heshima ya maisha, na mwaka uliofuata Donald naye akafariki.

Kijana wa tarumbeta ya kwanza aliuliza, "Kwa hiyo besi kila mara anaitwa John?" Besi hao walikuwa wawili, John Mdogo na baba yake, na mtoto wa Donald akawa John wa tatu katika kundi. Tumekaa na hilo kidogo.

24 Mei

Mazoezi kamili, dakika 58. Teno ana kikohozi, amekatazwa kuzungumza hadi Jumamosi, anatuandikia kwenye simu. Fundi mitambo ameweka alama za gundi sakafuni mahali pa kusimama. Nimebadilisha nyuzi za gitaa mapema ili zisinihame.

1 Juni

Jana ilikuwa jioni yetu. Viti 80 vilijaa, waliosimama mlangoni sikuwahesabu.

Tiger Rag tuliuanza kwa kasi mno, kosa ni langu, mkono ulikuwa na woga. Tarumbeta ya pili ilikosa ubeti mmoja mzima na ya kwanza ikaubeba. Besi alisikika kila nota hadi nyuma ya ukumbi. Lile la sakafu kuondoka, ubeti wa watatu bila gitaa, tuliliimba vizuri kuliko mazoezi yote. Ukumbi ulikuwa kimya hata nikasikia feni. Kinyozi aliporudi mbele, mama mmoja mbele alisema "Karibu baba," kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza peke yake.

Paper Doll waliingia chini ya mwenye wimbo na mimi mwenyewe, nikiwa nao jukwaani, sikujua lini.

Mzee wa tromboni alikuwa mstari wa tatu. Baadaye nilimwendea kumshukuru. "Mmefanya kazi," alisema. "Ila kijana wako anateleza na kufika mapema. Tromboni haifiki kwenye nota, inaikaribia, na wimbo umeshaondoka. Mlete Jumatano."

4 Juni

Tumekwenda, wote watano. Yaliyobaki kufanywa: kunakili upya sauti ya tatu ya Tiger Rag kwa maelekezo ya mzee, mistari ya 9 hadi 16; kushusha mwendo; kupiga chapa daftari la sol-fa la nyimbo zote tano ili kwaya nyingine zikitaka tuwape; na kumtafutia kinyozi njia ya kuvuta pumzi kwenye mstari wa sita. Mazoezi Ijumaa, saa mbili usiku, kibandani.